Bakteria wa Udongo, Vimeng'enya na Protini ya Soya Kamanyola

Asidi amino ni viungo vinavyoshikana kujenga protini, na kila kimoja kina nitrojeni ndani yake. Zinazotumika kujenga protini za viumbe ni aina 20 tu. Mwili wa binadamu hujitengenezea 11 kati ya hizo. Tisa zilizobaki lazima ziingie kwa chakula, na ikipungua moja, zile nyingine hazitumiki kikamilifu hata zikiwa tele. Mahindi yana upungufu wa lisini. Muhogo una protini kidogo mno ya aina yoyote. Maharage na soya vina lisini nyingi, ndiyo maana bugali ukiliwa pamoja na maharage unamjenga mtoto, na ukiliwa na chumvi tupu haumjengi.

Kivu Kusini imelipa gharama ya upungufu huo kwa miaka mingi. Utapiamlo unaovimbisha miguu ya watoto na kubadili rangi ya nywele zao huitwa bwaki huko Bukavu na Bushi, na ulichunguzwa kwa muda mrefu katika kituo cha utafiti cha Lwiro, kaskazini mwa Bukavu. Mjini Bukavu kwenyewe kuna shirika la maendeleo lililojiita Comité Anti-Bwaki, jina linaloonyesha jinsi ugonjwa huo ulivyowagusa watu. Wataalamu wa leo wanaona kwamba chanzo chake si ukosefu wa protini peke yake, maana maambukizi na upungufu wa virutubisho vingine vimo pia. Hata hivyo, mtoto aliyedhoofu hawezi kurudishiwa nyama mwilini bila asidi amino, na kwa familia isiyomudu samaki wala maziwa kila siku, asidi hizo hutoka kwenye mikunde. Uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama vilivyosagwa pamoja, umeenea katika vituo vya lishe vya mashariki ya Kongo kwa sababu hiyo.

Soya nayo haizipati asidi amino bure. Tani moja ya mbegu za soya huhitaji nitrojeni ya kilo 80 hivi, ukihesabu punje pamoja na majani na mashina yake. Hewa inayofunika shamba ni nitrojeni kwa asilimia 78, lakini atomu zake zimeshikana mbili mbili kwa kifungo kigumu ambacho hakuna mmea wala mnyama anayeweza kukifungua. Viwanda vya mbolea hukifungua kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 na kwa mgandamizo mkubwa sana. Bakteria wachache wa udongo hukifungua katika joto la kawaida la shamba, kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho nitrojenesi.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko moja la kikemikali bila yenyewe kuliwa na badiliko hilo. Nitrojenesi imejengwa kwa protini mbili zenye madini ya chuma, na katika kiini chake kuna pia molibdeni. Kazi yake ni ghali. Kugeuza molekuli moja ya nitrojeni kuwa molekuli mbili za amonia, bakteria hutumia molekuli zisizopungua 16 za ATP, ambayo ndiyo akiba ya nguvu ya seli. Tena hewa ya oksijeni huiharibu nitrojenesi kabisa, ilhali bakteria mwenyewe anaihitaji oksijeni ili apumue. Mmea wa soya umetatua ugumu huo kwa kumjengea bakteria makazi, yaani vile vinundu vinavyoonekana kwenye mizizi. Ndani ya kinundu mmea hutengeneza leghemoglobini, ndugu wa ile hemoglobini ya damu, ambayo hushika oksijeni na kuigawa kidogo kidogo. Kwa hiyo kinundu kinachofanya kazi kikipasuliwa kwa ukucha kina rangi ya waridi au nyekundu ndani. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakitengenezi kitu.

Amonia ikishapatikana, vimeng'enya vya mmea huipokea papo hapo kwa sababu ikirundikana ni sumu. Cha kwanza huiunganisha na glutamati na kuzaa glutamini. Cha pili huchukua glutamini na kutoa glutamati mbili, moja ya kurudi mwanzo wa mzunguko na moja ya kutumika. Kutoka hapo nitrojeni hupandishwa juu, kwa soya hasa katika umbo la ureidi, na ikifika kwenye majani na maganda hugawanywa kuwa asidi amino zote 20, lisini ikiwemo. Hakuna punje ya soya isiyopitia njia hiyo, ila kwa sehemu ile ya nitrojeni ambayo mizizi iliikuta tayari udongoni. Shamba likiwa zuri, nusu ya nitrojeni ya mmea au zaidi hutoka kwa bakteria.

Bakteria wanaoishi na soya ni wa jenasi ya Bradyrhizobium. Wa maharage ni wa jenasi ya Rhizobium, na mara nyingi mmoja haufai mmea wa mwenzake. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria wa namna hii kwa mara ya kwanza kutoka kwenye vinundu, na kufikia 1896 Wajerumani Friedrich Nobbe na Lorenz Hiltner walikuwa wamepata hataza ya kuwauza kwa wakulima. Biashara hiyo ina zaidi ya miaka mia moja, ingawa katika Kivu bado ni ngeni kwa wakulima wengi.

Jambo linaloongoza kazi yote ya kuboresha bakteria wa udongo ni ubahili wao. Bakteria hatengenezi kimeng'enya ambacho hakihitaji, wala hatoi nje asidi amino aliyoitengeneza kwa gharama yake. Udongoni chakula ni haba, kwa hiyo kila njia ya kikemikali katika seli yake ina breki: bidhaa ikitosha, kimeng'enya cha mwanzo husimamishwa, malighafi ikikosekana, jeni la kimeng'enya huzimwa. Kwa bakteria huo ndio uhai wenyewe. Kwa mtu anayetaka bidhaa nyingi ni kizuizi, na kumboresha bakteria maana yake, karibu kila mara, ni kuilegeza breki fulani bila kumuua.

Mfano ulio wazi kuliko yote umetoka Japani. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda aligundua kwamba ladha ya mchuzi wa mwani hutokana na glutamati, na kwa karibu miaka hamsini kiungo hicho kilitolewa kwenye protini ya ngano kwa kuichemsha na asidi kali. Ilipofika 1956, Shukuo Kinoshita na wenzake wa kampuni ya Kyowa Hakko walipata udongoni bakteria aliyekuwa akimwaga glutamati nje ya seli. Baadaye aliitwa Corynebacterium glutamicum. Siri ilikuwa kwenye biotini, mojawapo ya vitamini: akipewa kidogo, utando wa seli yake unalegea na glutamati inapita. Miaka miwili baadaye walitangaza aina iliyobadilika ya bakteria huyo huyo inayotoa lisini.

Njia iliyotumika baadaye kuongeza lisini inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo iliyorudiwa katika maabara nyingi. Kimeng'enya kinachoanzisha njia ya lisini hufungwa pale lisini na threonini zinapojaa katika seli. Watafiti waliwalisha bakteria kemikali inayofanana na lisini lakini isiyoweza kufanya kazi yake. Kimeng'enya kilidanganyika, kikajifunga, na bakteria wakafa kwa kukosa lisini ya kweli. Kati ya mamilioni waliowekwa kwenye sahani walisalia wachache, wale ambao jeni lao lilikuwa limebadilika kwa bahati hata kimeng'enya chao hakisikii tena amri ya kufunga. Hao wakioteshwa katika tangi la sukari hutengeneza lisini bila kukoma. Leo dunia huzalisha zaidi ya tani milioni mbili za lisini kila mwaka kwa bakteria, sehemu kubwa ikiingia katika chakula cha kuku na nguruwe ili kufidia upungufu ule ule wa mahindi.

Barani Afrika kazi ya aina hiyo imefanyika katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na bakteria aliyetumika huko ni wa familia moja na wale wa vinundu vya maharage. Ni Agrobacterium tumefaciens, anayejulikana zaidi kwa kuzusha uvimbe kwenye mashina ya mimea. Baadhi ya aina zake zina vimeng'enya viwili vinavyofuatana: cha kwanza hufungua pete ya kemikali iitwayo hidantoini, cha pili hukamilisha kazi na kuacha asidi amino. Faida yake inatokana na umbo. Isipokuwa glisini, kila asidi amino ina maumbo mawili yanayotazamana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Mitambo ya kemikali hutoa yote mawili nusu kwa nusu, ilhali kimeng'enya huchagua moja tu. Protini za mwili hutumia umbo la kushoto, lakini amoksisilini, dawa inayopatikana katika karibu kila famasi ya Bukavu, hujengwa kwa kipande cha asidi amino cha umbo la kulia, na kipande hicho hutengenezwa viwandani kwa njia ya hidantoini.

Bakteria aliyetengwa udongoni na kundi la Rhodes, ambalo Stephanie Burton na Rosemary Dorrington walikuwa miongoni mwake, alikuwa na breki mbili. Vimeng'enya vyake vilitokea tu pale alipopewa kemikali ya kuviamsha, tena vilizimika amonia ilipokuwepo kwa wingi. Kiwanda hakiwezi kutegemea mfanyakazi wa namna hiyo, maana kemikali ya kuamsha ina bei na amonia ni chakula cha kawaida cha tangini. Katika taarifa walizochapisha kuanzia 1998, watafiti hao walieleza jinsi walivyowapata bakteria waliobadilika ambao vimeng'enya vyao hutokea bila kuamshwa, na baadaye wengine wasiojali amonia.

Breki ya amonia ndiyo inayounganisha maabara na shamba. Mkulima akimwaga urea nyingi kwenye soya, mmea hukuta nitrojeni tayari na huacha kulisha vinundu. Bakteria waliomo hupunguza kazi na vinundu vipya havitokei. Ngrais (mbolea ya kiwandani) ya nitrojeni iliyonunuliwa kwa pesa inakuja kuzima ile inayotolewa bure na hewa.

Shamba linaloangaliwa hapa ni la Kamanyola, pale barabara itokayo Bukavu inapomaliza mteremko wa Ngomo na kuingia katika uwanda wa Ruzizi, mahali ambapo Kongo, Rwanda na Burundi zinakaribiana. Kiutawala iko katika teritori ya Walungu, lakini kwa udongo na hali ya hewa haifanani na milima ya Ngweshe iliyo juu yake. Huko juu udongo ni mwekundu, wenye asidi na maskini wa fosforasi. Huku chini ni tambarare yenye joto, mvua chache kuliko milimani, na udongo ulioletwa na maji ya mito. Aina ya bakteria iliyochaguliwa kwa Walungu ya milimani haina hakika ya kustawi Kamanyola, ingawa ni safari ya saa chache tu.

Soya haikuanzia Afrika, na hapo ndipo tatizo lake la kwanza. Asili yake ni Asia ya Mashariki, kwa hiyo udongo wa Ruzizi haukuwa na bakteria waliozoeana nayo. Njia mbili zimefuatwa. Ya kwanza ni kuubadilisha mmea. Taasisi ya IITA ya Ibadan, Nigeria, ilianza miaka ya 1970 kuzalisha mbegu za soya zinazokubali bakteria wa kienyeji wa Afrika, na mbegu hizo, zenye alama ya TGx, zimesambaa hadi Maziwa Makuu. Ya pili ni kumleta bakteria pamoja na mbegu. Mradi wa N2Africa ulioanza 2009 chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi ulizifanya njia zote mbili katika nchi nane za mwanzo, Kongo ikiwa mojawapo, na eneo lake la kazi huko lilikuwa Kivu Kusini. IITA ina kituo cha Kalambo karibu na Bukavu. Kwa wakati huo, bakteria aliyetumika sana kwa soya alikuwa yule mwenye alama USDA 110, aliyetengwa kutoka kwenye kinundu cha soya huko Florida, Marekani, mwaka 1957.

Sifa za USDA 110 zinaeleza nini hasa kinachotafutwa. Nitrojenesi inapofanya kazi hupoteza sehemu ya nguvu kwa kutoa gesi ya hidrojeni. Bakteria wengi huiacha ipotee hewani. USDA 110 ana kimeng'enya cha pili kinachoikamata hidrojeni hiyo na kuirudisha kuwa nguvu, kwa hiyo sukari ile ile kutoka kwa mmea humfikisha mbali zaidi. Jenomu yake, yenye herufi zaidi ya milioni tisa, ilisomwa yote mwaka 2002.

Hata hivyo, bakteria bora wa maabara hushindwa mara nyingi na wenyeji. Udongo wenye bakteria wengi wa kienyeji, hata wakiwa wavivu, huwaachia wageni nafasi ndogo kwenye mizizi. Kwa sababu hiyo kazi kubwa ya kuboresha bakteria wa vinundu haikufanywa kwa kuhariri jeni. Imefanywa kwa kuchagua. Marekani iliruhusu mwaka 1997 kuuzwa kwa bakteria wa alfalfa aliyepandikizwa jeni, na habari iliishia karibu hapo. Brazili ilipata mafanikio makubwa zaidi kwa subira. Johanna Döbereiner, mzaliwa wa Chekoslovakia, alisisitiza kwamba soya ya Brazili ilimwe bila mbolea ya nitrojeni, na watafiti wa huko walichagua bakteria waliokuwa wamekaa miaka mingi katika udongo wa kitropiki wenye asidi na kuuzoea. Brazili leo ni mzalishaji mkubwa wa soya duniani, na sehemu kubwa mno ya soya hiyo hailishwi nitrojeni ya kiwandani.

Uchaguzi wa namna hiyo unaweza kufanyika hata kwa udongo wa Kamanyola, na hatua zake zinajulikana. Vinundu vyekundu huchumwa kwenye mimea iliyo mizuri katikati ya shamba hafifu. Huoshwa kwa spiriti na dawa ya klorini ili kuua vijidudu vya nje, kisha husagwa na maji yake kupakwa kwenye sahani ya chakula cha bakteria chenye hamira na manitoli. Bradyrhizobium hukua polepole. Kilichojitokeza siku ya pili kwa kawaida ni mdudu mwingine. Baada ya wiki hivi huchukuliwa kundi moja moja, hurudishwa kwenye mizizi ya soya iliyooteshwa katika mchanga safi usio na nitrojeni, na mimea hulinganishwa na ile isiyopewa kitu. Mmea usio na bakteria mwenye nguvu hugeuka manjano mapema. Waliofaulu hupelekwa shambani, na huko ndiko wengi huanguka.

Bakteria aliyechaguliwa humfikia mkulima akiwa ndani ya unga mweusi wa mboji uliotiwa katika pakiti, unaoitwa inokulanti. Nchini Kenya, kampuni ya MEA ya Nakuru huzalisha ule uitwao Biofix kwa leseni ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Rwanda nayo imekuwa na maabara ya aina hiyo Rubona. Unga mzuri hubeba bakteria wapatao bilioni moja katika kila gramu, na pakiti ya gramu 100 hutosha kilo 10 hadi 15 za mbegu. Mbegu huloweshwa kidogo kwa maji yaliyotiwa sukari au gundi ya mti ili unga ushike, huchanganywa kivulini, na hupandwa siku hiyo hiyo.

Katika uwanda wa Ruzizi hatua hizo ndogo ndizo zinazoamua. Pakiti iliyosafiri juu ya mizigo ya lori kutoka Bukavu, ikakaa dukani chini ya bati mchana kutwa, inaweza kuwa na unga mweusi ule ule na isiwe na bakteria hai wa kutosha. Joto likipita nyuzi 40 hufa upesi, na hata pakiti iliyotunzwa vizuri haitegemewi zaidi ya miezi sita hivi. Jua la saa sita likizipiga mbegu zilizopakwa matokeo ni hayo hayo. Wala mbegu zilizopakwa unga huo hazichanganywi na dawa ya kuua ukungu au na ngrais kavu, kwa maana chumvi yake huwakausha. Mkulima aliyepata pakiti iliyokufa hawezi kuijua kwa macho, na akivuna kidogo anaamini kwamba inokulanti ni uongo. Uaminifu huo ukipotea ni vigumu kuurudisha, kwa hiyo jokofu dogo kwa mwuzaji wa mbegu lina thamani kubwa kuliko mabango ya kutangaza bidhaa.

Fosforasi nayo haikwepeki. Nguvu ya ATP inayoliwa na nitrojenesi imejengwa kwa fosforasi, na pale ardhi isipokuwa nayo, bakteria aliye bora hukaa kinunduni bila kazi. Majaribio katika Kivu Kusini na kwingineko yamefanywa mara nyingi kwa kuoanisha inokulanti na mbolea ya fosfati, na pamoja huleta faida kubwa kuliko kila kimoja peke yake. Milimani, ambako asidi imezidi, samadi na chokaa hutangulia.

Baada ya mavuno kuna kimeng'enya kimoja zaidi cha kufikiriwa, nacho ni kile cha tumboni kinachoitwa tripsini, kinachosaidia kukata protini kuwa asidi amino ili damu izichukue. Soya mbichi ina kitu kinachokizuia tripsini. Ikisagwa bila kukaangwa au kuchemshwa vizuri, sehemu ya lisini yote iliyotafutwa hupita tumboni bila kumnufaisha mtoto. Akina mama wanaotengeneza masoso hukaanga soya kabla ya kuipeleka kinuni, na joto hilo hukivunja kizuizi hicho.

Shamba lililopandwa soya yenye inokulanti hubaki na sehemu ya bakteria hao udongoni kwa misimu kadhaa, hasa soya ikirudi baada ya mahindi au muhogo. Hakuna haja ya kununua pakiti kila mara bila kupima. Mimea ikianza kutoa maua, michache hung'olewa kwa jembe pamoja na udongo wake, mizizi huoshwa polepole, na vinundu hupasuliwa. Vikiwa vingi karibu na mzizi mkuu na vyekundu ndani, bakteria waliopo wanatosha kwa msimu unaofuata. Vikiwa vichache, vidogo, vimetawanyika kwenye nyuzi za mbali na ndani ni vyeupe, mbegu za msimu huo hupakwa inokulanti upya.